Jinsi ya kuomba kukodi ardhi ya shule katika jimbo la Arizona

Kwanza jua unakodi mali ya nani. Mwaka 1910 Congress, yaani bunge la Marekani, iliikabidhi Arizona ardhi iitunze kama amana, na sehemu kubwa yake ni ya shule: katika kila taunship, yaani mraba wa maili sita kwa sita uliogawanywa vipande 36 viitwavyo seksheni, seksheni za 2, 16, 32 na 36 zilitengwa. Amana yote ni takriban ekari milioni 9.2. Ndiyo maana usitegemee kupunguziwa kodi kwa kubembeleza. Kodi inayopungua ni haki ya watoto wa shule.

Fungua ramani ya Idara ya Ardhi ya Jimbo utafute kipande unachokitaka, uandike taunship, renji (safu ya taunship kutoka kaskazini hadi kusini), seksheni na robo ya seksheni hiyo. Seksheni nzima ni maili moja kwa maili moja, ekari 640. Anwani ya barabara haitambulishi ardhi hii, na namba moja ikikosewa umeomba shamba jingine kabisa.

Kisha angalia kama kuna mpangaji. Hapa ndipo wengi wanapopoteza ada ya maombi, ambayo hairudishwi. Ardhi ya malisho karibu yote ina mkataba tayari, na aliyepo hupewa kipaumbele cha kuhuisha wake. Angalia pia njia ya kufikia: kama kipande kimezungukwa na ardhi ya watu, mkataba haukupi ruhusa ya kupita kwao.

Chagua fomu kulingana na kazi: kilimo, malisho au biashara. Muda ndio unaoamua njia. Mkataba usiozidi miaka 10 unaweza kutolewa bila mnada. Ukizidi hapo, lazima mnada wa hadhara, na tangazo litoke gazetini kila wiki kwa wiki 10 mfululizo, kwa hiyo panga miezi, si siku. Ofisa hawezi kukusamehe sharti hili, maana limo katika katiba ya jimbo. Kulibadilisha kunahitaji kura ya wananchi pamoja na idhini ya Congress. Wapiga kura nao ni wagumu: Pendekezo 106 la mwaka 2006 kuhusu ardhi hizi walilikataa, ila Pendekezo 119 la 2012, la kubadilishana ardhi, walilipitisha.

Mkataba ukishapatikana, usijenge uzio, kisima wala banda kabla ya kibali cha maandishi. Kilichojengwa bila kibali kinaweza kuchukuliwa na jimbo bila fidia.