Kupe wa mbwa: nusu ya kazi iko ukutani

Lalamiko linalorudiwa sana kwenye maduka ya dawa za mifugo ni hili: mbwa kaogeshwa Jumamosi, Alhamisi kajaa kupe tena, kwa hiyo dawa ni feki. Dawa feki zipo, hilo halina ubishi. Ila mara nyingi kupe wa Jumamosi walikufa kweli. Hawa wa Alhamisi ni wengine kabisa, walikuwa wamejibanza kwenye nyufa za banda wakingoja zamu yao.

Kupe anayesumbua mbwa wengi wa mjini na wa uani ni yule wa rangi ya kahawia, na tabia zake si za kupe wa ng'ombe. Wa ng'ombe hungoja kwenye majani malishoni. Huyu hupenda kuta, mbao na dari, na anaweza kuishi maisha yake yote bila kukanyaga nyasi. Hunyonya damu mara tatu tu tangu azaliwe mpaka afe, na baada ya kila mlo hudondoka. Akitoka kwenye yai ana miguu sita na ni mdogo kama chembe ya mchanga. Hunyonya siku chache, hudondoka, hujificha, hujivua ngozi, kisha hurudi na miguu minane. Hunyonya tena, hudondoka tena, hurudi akiwa mkubwa. Jike akishiba hugeuka kijivu na kufanana na mbegu ya mbarika, kisha hushuka, hutafuta ufa, hutaga mayai elfu kadhaa na kufa hapohapo. Kwenye joto la kwetu mzunguko mzima unaweza kukamilika kwa miezi miwili hivi. Kupe mkubwa mwenye njaa anaweza kukaa zaidi ya mwaka bila kula. Ndiyo maana unaweza kuhamia nyumba iliyokuwa tupu, ukaja na mbwa msafi, na baada ya wiki moja ukamkuta na kupe masikioni.

Kwa hiyo kazi ni mbili, mbwa na makazi yake, na zifanywe siku moja.

Kumkagua

Tumia vidole kwanza, macho baadaye. Pitisha vidole kinyume na manyoya, polepole, kuanzia kichwani. Kupe mdogo huhisika kama punje ya mchele iliyogandia ngozini. Maeneo ya kutazama kila siku ni ndani ya masikio na ukingoni mwake, kope, chini ya ukanda wa shingo, kwapani, kinenani, chini ya mkia, na katikati ya vidole vya miguu. Hapo kwenye vidole ndipo wengi husahau. Tanua kila kidole, angalia juu na chini. Mbwa anayelamba mguu mmoja siku nzima mara nyingi ana kupe pale.

Tahadhari moja inayochekesha mpaka imtokee mtu: mbwa dume naye ana chuchu, na kuna watu huzivuta wakidhani ni kupe. Chuchu zimepangwa mistari miwili tumboni, na hazina miguu. Kupe ukimsogezea tochi utaiona miguu yake karibu na ngozi. Kama huoni miguu, usivute.

Kumng'oa

Wakiwa wachache, wang'oe kwa mkono. Unahitaji kibano chenye ncha nyembamba, glavu au mfuko wa plastiki uliovalishwa mkononi, na kikopo chenye spiriti. Mshike kupe kwa ncha za kibano pale mdomo unapoingia ngozini. Usimshike tumboni, kwani ukimbinya tumbo humsukumia mbwa vilivyomo ndani. Vuta moja kwa moja kwenda juu kwa nguvu isiyobadilika, bila kushtua. Ataachia baada ya sekunde chache. Mtie kwenye spiriti, pangusa kidonda kwa dawa ya kuua vijidudu, kisha nawa mikono.

Kipande cha mdomo kikibaki, usichokonoe kwa sindano. Ngozi yenyewe itakisukuma nje, na kauvimbe kadogo kwa siku kadhaa ni kawaida. Usimpasue kupe kwa kucha. Usimchome kwa kiberiti wala kumpaka mafuta ya taa ili "aachie mwenyewe", maana kupe aliyesumbuliwa hivyo huweza kutema mate zaidi ndani ya kidonda, na mate hayo ndiyo yenye ugonjwa.

Kumwogesha kwa amitrazi

Wakiwa wengi, kibano hakitoshi. Dawa inayopatikana kwa urahisi kwenye maduka ya mifugo ya Kenya na Tanzania ni amitrazi ya asilimia 12.5, ileile ya kuogeshea ng'ombe. Inafanya kazi vizuri kwa mbwa, mradi ipimwe.

Kipimo ni mililita 2 za dawa kwa lita 1 ya maji. Lita 5 za maji ni mililita 10. Mbwa wa kilo 25 anatoshwa na lita 5. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Kizibo cha soda si kipimo, na "kuongeza kidogo ili ipate nguvu" ndiko kunakowalaza mbwa sakafuni. Nunua chupa iliyofungwa kiwandani, yenye lebo na tarehe. Ile ya kumiminiwa kwenye chupa ya maji hujui ni asilimia ngapi, na siku moja mtoto ataikuta akidhani ni kinywaji.

Kuna wasioogeshwa kwa dawa hii: mbwa wa chini ya miezi minne, wenye mimba au wanaonyonyesha, wagonjwa, wenye kisukari, na mbwa wadogo sana kama Chihuahua. Paka haogeshwi nayo kabisa. Na wewe unayeogesha, ukiwa na kisukari, mpe mwingine kazi hiyo, kwa sababu amitrazi inaweza kupandisha sukari kwenye damu.

Chagua asubuhi isiyo na dalili ya mvua, saa tatu hivi. Muogeshe kwanza kwa sabuni ya kawaida ya mbwa, suuza, mkaushe kwa taulo. Hatua hii hurukwa sana, nayo ndiyo huamua matokeo: vumbi na mafuta ya manyoya huzuia dawa kufika kwenye ngozi. Vaa glavu, changanya dawa kwenye ndoo wakati huohuo wa kuitumia, kwa kuwa mchanganyiko wa jana umeshapungua nguvu. Msimamishe mbwa ndani ya beseni ili miguu iloe. Mimina kuanzia nyuma ya shingo kwenda mkiani ukisugua kwa sifongo mpaka ngozini, kisha tumbo, kwapa, chini ya mkia. Kichwa usimwagie. Chovya kitambaa, kikamue, pangusa masikio na mashavu ukiepuka macho, mdomo na tundu la sikio.

Usimsuuze. Mwache akauke mwenyewe kivulini, mahali penye hewa. Mpaka akauke asijilambe, kwa hiyo kaa naye au mvalishe kinga ya shingoni. Baada ya hapo asioge kwa wiki nzima. Rudia baada ya siku 7 mpaka 14, kulingana na wingi wa kupe.

Akisinzia kidogo kwa saa chache, ni jambo linalotokea. Akiyumba, akitapika, akawa wa baridi na mapigo ya moyo yakapungua, hiyo ni sumu. Mwoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, mfunike kwa blanketi, mkimbize kwa daktari wa mifugo na chupa ya dawa mkononi. Dawa ya kutuliza sumu hiyo ipo, ila ni ya daktari kuichoma.

Maji yaliyobaki usiyamwage mtoni wala bwawani, yanaua samaki.

Vidonge, matone na ukanda

Mwenye uwezo wa kifedha anaweza kuepuka ndoo. Kidonge cha NexGard hutafunwa mara moja kwa mwezi, Simparica hudumu hadi siku 35, Bravecto takriban wiki 12. Hupimwa kwa uzito, kwa hiyo mpime mbwa badala ya kukisia: simama naye kwenye mizani, kisha ondoa uzito wako. Mpe pamoja na chakula. Elewa pia kwamba dawa hizi ziko kwenye damu. Kupe lazima aume ndipo afe, basi kumwona kupe mmoja au wawili akitembea mgongoni hakumaanishi umeibiwa. Mbwa mwenye historia ya kifafa asipewe bila daktari kujua, na mtoto wa chini ya wiki 8 hapewi.

Matone ya fiproni, dawa ya kuua kupe na viroboto, huwekwa ngozini katikati ya mabega, asikoweza kulamba. Usimwogeshe siku mbili kabla na siku mbili baada. Ukanda wa shingoni wenye dawa uwe umegusa ngozi, vidole viwili vipite chini yake; ukining'inia ni pambo tu.

Kwa watoto wachanga wa mbwa, kibano na uvumilivu. Usicheleweshe, maana mtoto mdogo aliyejaa kupe anaweza kufa kwa kuishiwa damu tu, hata bila ugonjwa wowote.

Vitu vya kuacha: oili chafu ya gari, ambayo huunguza ngozi na mbwa huilamba, unga wa kuulia wadudu wa shambani, kwa sababu hiyohiyo, na sindano ya ivermektini ya ng'ombe. Hii ya mwisho hupendwa na wachoma sindano wa mitaani kwa kuwa ni rahisi, lakini kwa kupe haina makali ya kutegemewa, na kuna mbwa, hasa wa ukoo wa Collie na baadhi ya mbwa wa kuchunga, ambao miili yao haiwezi kuizuia isiingie kwenye ubongo. Huzimia, na wengine hawaamki.

Banda

Hapa ndipo wengi hushindwa vita. Toa matandiko yote. Magunia na matambara yachome, blanketi lichemshe. Banda la mbao lipindue ukaangalie chini, kwenye maungio na nyuma ya misumari. Kupe huyu hupanda juu, kwa hiyo usiishie sakafuni: angalia sehemu ya juu ya ukuta, chini ya paa, nyuma ya fremu za milango, hata nyuma ya saa ya ukutani kama mbwa hulala ndani. Ukikuta vijimayai vya kahawia vimeshikamana kama mayai ya samaki, kwangua uvitie kwenye maji yanayochemka.

Mimina maji ya moto kwenye nyufa, acha pakauke, kisha nyunyiza dawa ya kuta yenye deltamethrini au sipamethrini kwa kipimo cha lebo, kuanzia juu kushuka chini. Hii ni ya ukuta, si ya mwili wa mbwa. Mbwa wakae mbali mpaka pakauke, na paka zaidi, kwa sababu dawa za jamii hii humdhuru vibaya. Kuku nao wafungiwe. Kuku huokota kupe kwa bidii na ni msaada mzuri uani, ila si siku ya dawa.

Halafu ziba nyufa kwa saruji. Ni kazi ya mfuko nusu na jioni moja, na inaokoa pesa nyingi kuliko chupa yoyote ya dawa. Dawa ya kunyunyiza haiui mayai vizuri, kwa hiyo rudia kila wiki mbili kwa miezi miwili au mitatu, mpaka vizazi vilivyokuwa ukutani viishe. Wanaonyunyiza mara moja wakaacha ndio wanaorudi dukani kulalamika. Mbwa wote wa uani watibiwe siku moja. Ukimwacha mmoja umeacha ghala la kupe.

Dalili za kukukimbiza kwa daktari

Kupe wa mbwa hubeba magonjwa ya damu, na dalili huanza wiki moja mpaka tatu baada ya kuumwa, wakati kupe mwenyewe ameshaondoka. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39.2. Likipita 39.5 akiwa ametulia kivulini, ana homa. Inua mdomo utazame ufizi: ubonyeze kwa kidole, uachie, rangi ya waridi irudi ndani ya sekunde mbili. Ufizi mweupe au wa njano, kukataa chakula, kudhoofika, damu puani bila kuumia, madoadoa mekundu tumboni, au mkojo wa rangi ya kahawa, usisubiri kesho.

Mkojo wa kahawa huashiria babesia, vijidudu vinavyopasua chembe nyekundu za damu. Damu puani na kukonda taratibu huelekea erlikia, ugonjwa wa bakteria wanaoshambulia chembe nyeupe za damu, ambao hutibiwa kwa vidonge vya antibiotiki ya doksisaiklini kwa takriban siku 28. Mbwa huchangamka siku ya tatu, mwenye mbwa akaacha vidonge, na ugonjwa ukarudi miezi baadaye ukiwa umefika kwenye uboho. Dawa ya babesia usiinunue ukachoma mwenyewe. Zile sindano za ng'ombe zikizidi kidogo kwa mbwa huharibu ubongo, na daktari huanza kwa kutazama damu kwenye hadubini ajue anapambana na nini.

Unapokwenda, beba jina la dawa ya kupe uliyotumia, tarehe na kipimo chake, siku ulipoona kupe mara ya mwisho, na kama inawezekana picha ya mkojo kwenye simu, iliyopigwa juu ya karatasi nyeupe au sakafu ya rangi ya mwanga.