Jinsi ya kukagua bunduki na mavazi ya maonyesho ya Buffalo Bill, hatua kwa hatua

Watu huniletea koti la ngozi lenye matamvua, au bastola iliyoviringishwa kwenye taulo, na neno la kwanza huwa lilelile: "Hii ilikuwa ya Buffalo Bill." Kazi yangu ni kuhifadhi mavazi na silaha za kale hapa Marekani. Mwongozo huu nimewaandikia wenzangu wanaoanza kazi makumbusho, na yeyote aliyerithi au anayetaka kununua kitu cha aina hii.

Hatua ya 1: Hadithi iwekwe kando

Mwombe mwenye kitu aandike kwenye karatasi yote aliyosimuliwa: nani alimpa nani, wapi, lini. Itie karatasi kwenye bahasha uifunge. Hadithi ikitangulia, jicho huona kile ambacho sikio limeshasikia. Nimewahi kuipitisha bastola kwa sababu tu familia iliyoileta ilikuwa ya watu waaminifu. Waaminifu walikuwa kweli, ila babu yao alikuwa ametapeliwa.

Vitu hivi vimetapakaa kila mahali, na kuna sababu. Onyesho la William F. Cody, ndiye Buffalo Bill, la wapanda farasi na walenga shabaha walioigiza maisha na mapigano ya magharibi ya Marekani, lilianza Omaha, Nebraska, mwaka 1883. Lilifika London mwaka 1887 wakati wa jubilei ya Malkia Victoria, Paris mwaka 1889, Chicago mwaka 1893, hadi mali zake zikakamatwa kwa deni na kupigwa mnada Denver mwaka 1913. Wapo pia walioshika njia hiyo hiyo, kama Pawnee Bill na ndugu wa Miller wa 101 Ranch kule Oklahoma. Miaka 30 ya kusafiri kwa treni na meli, mamia ya watu na farasi: vitu viliuzwa, vikapewa watu kama zawadi, vikaachwa, vikaibwa.

Hatua ya 2: Jilinde kabla hujagusa

Bunduki ya mwaka 1880 inaweza kuwa na risasi ndani hadi leo. Elekeza mtutu pasipo na mtu, fungua chemba, angalia kwa macho na kwa tochi. Usifyatue hata kama ni tupu, kwa sababu springi za zamani huvunjika. Kisheria, Marekani huihesabu silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake kuwa ya kale, lakini usichukue sheria hiyo ukaihamishia nchi nyingine. Kama uko Kenya au Tanzania, anzia polisi.

Hatari ya mavazi haionekani. Makumbusho ya zamani yalinyunyiza aseniki na zebaki kwenye manyoya na ngozi ili kuua wadudu. Vaa glavu za nitraili na barakoa, usile chumbani humo, na kama unaweza, omba kipimo cha eksirei cha kutambua sumu hizo kabla ya kazi yoyote ya karibu. Usimruhusu mtu ajaribu kuvaa kofia ya manyoya "apige picha tu".

Hatua ya 3: Silaha ianze kusomwa ndani ya mtutu

Wengi hukimbilia maandishi yaliyochorwa kwenye kitako. Mimi huanza na tundu. Cody alipiga mipira ya kioo iliyorushwa hewani huku akiwa juu ya farasi anayekimbia, na mara nyingi hakutumia risasi moja nzima. Alitumia marisau, zile chembe ndogo zinazotawanyika, akipiga kwa bunduki aina ya Winchester ya 1873. Wengine huuita huo udanganyifu, na nadhani wanakosea. Risasi nzima ikipigwa juu ndani ya uwanja wenye maelfu ya watu lazima iangukie mahali, na hapo pana vichwa vya watu. Marisau huishiwa nguvu karibu. Kupiga mpira mdogo kwa marisau ukiwa juu ya farasi bado ni ustadi mkubwa.

Kwa hiyo chungulia: je, ndani ya mtutu kuna mistari ya kujipinda, au ni laini kama bomba? Winchester ya 1873 yenye mtutu laini si ya kawaida, na ni dalili inayostahili kufuatiliwa. Silaha za wapanda farasi waliocheza mapigano zilipiga risasi baridi, yaani zisizo na kichwa cha kuua, zenye baruti nyeusi. Masalia ya baruti hiyo huvuta unyevu na kula chuma, na baada ya miaka mingi utaona vishimo vya kutu karibu na chemba na mdomoni. Vishimo pekee si ushahidi, maana hata bunduki ya mkulima ilikuwa na baruti nyeusi. Lakini mtu akikuletea silaha "iliyofanya maonyesho elfu" na mtutu unang'aa kama kioo, muulize maswali.

Kisha tafuta namba ya silaha. Kumbukumbu nyingi za kiwanda cha Winchester zimehifadhiwa katika makumbusho ya silaha ya Buffalo Bill Center of the West, mjini Cody, Wyoming, na unaweza kuomba barua inayoeleza silaha yako ilitoka kiwandani lini. Silaha iliyotoka kiwandani mwaka 1891 haikupigwa mbele ya Malkia Victoria mwaka 1887, hata bibi aseme nini.

Sasa rudi kwenye maandishi. Chukua lenzi inayokuza mara kumi utazame pale mchoro unapokutana na kutu. Herufi ikipita juu ya kishimo cha kutu, ikakata kingo zake, basi imechorwa baada ya kutu. Kuwa makini hasa na bizimu za mikanda za shaba zenye majina makubwa ya maduka na makampuni ya karne ya 19. Nyingi zilitengenezwa katika miaka ya 1960 na 1970, na bado zinauzwa kama za kale.

Hatua ya 4: Geuza vazi nje ndani

Upande wa nje wa vazi ulitengenezwa uonekane. Mshonaji utamkuta upande wa ndani.

Tazama uzi. Kwenye kazi ya shanga ya Walakota, kabila la wenyeji wa Marekani, ya wakati ule, shanga hupangwa kwa safu fupi zilizokaa sambamba, kila safu ikiinuka kidogo kama mgongo. Mshonaji aliyetumia kano za mnyama mara nyingi hakutoboa ngozi hadi upande wa pili. Alipitisha kano katikati ya unene wake, hivyo ndani huoni mshono. Ukiona uzi wa pamba, usikatae vazi, kwani pamba ilitumika pia. Ukiona nailoni, ujue kazi hiyo, au angalau ukarabati huo, haitangulii mwisho wa miaka ya 1930. Zipu nayo haikuzoeleka kwenye nguo kabla ya miaka hiyo.

Tazama shanga zenyewe. Zilitoka Venezia na Bohemia, na mtu wa kwetu atazitambua bila kuelezwa, maana biashara hiyo hiyo ya Bohemia ndiyo iliyowafikishia Wamaasai shanga zao. Baadhi ya shanga za kioo za enzi ile huugua: hutoa jasho lenye chumvi, hupasuka, hukata uzi. Zikiwa na utelezi au unga mweupe, piga picha na umwite mtaalamu wa kioo.

Ukingo uliochakaa wa ngozi, ukiupata mahali palipokwisha kuchanika, utakuonyesha rangi ya ndani. Ngozi iliyolainishwa kwa ubongo wa mnyama na kufukizwa moshi ni laini, ya kahawia hafifu, na wakati mwingine harufu ya moshi bado imo. Ikiwa ndani ina rangi ya kijivu au buluu hafifu, huenda ilitengenezwa kwa kromu, njia iliyopewa hataza Marekani mwaka 1884 na kuenea baadaye.

Mwisho, zima taa uwashe tochi ya urujuanimno. Nguo na nyuzi zenye kemikali za kung'arisha za baada ya Vita Kuu ya Pili huwaka buluu nyeupe. Lakini shati la kale lililofuliwa kwa sabuni ya kisasa nalo huwaka! Tazama ndani ya mikunjo ya mishono, mahali ambapo sabuni haifiki sana.

Hatua ya 5: Linganisha na picha, na usiiamini lebo

Mwaka 1893 onyesho liliitwa pia kusanyiko la wapanda farasi wa dunia. Miongoni mwao walitangazwa "Cossack", wapiganaji wa farasi wa Urusi. Wengi wao walikuwa Wajojia kutoka Guria, sehemu ya nchi ya Jojia huko Kaukazi, na vazi lao, kanzu nzito yenye mifuko ya risasi kifuani, ni la Kaukazi. Ukikuta lebo ya zamani inasema "Cossack", iandike kama ilivyo, kisha chini yake andika watu wenyewe. Mabango yaliuza tiketi, hayakuandikwa kuwa rekodi.

Pia usitenganishe kwa haraka vazi la jukwaani na vazi la vita. Tarehe 17 Julai 1876, kwenye mapigano ya Warbonnet Creek, Cody alivaa suti yake ya maigizo ya mahameli nyeusi iliyopambwa kwa nyekundu. Alimuua mpiganaji wa Kicheyenne, kabila jingine la wenyeji wa Marekani, aliyeitwa Yellow Hair, akachukua kofia yake na ngozi ya kichwa chake, kisha akarudi kuigiza kifo hicho jukwaani. Vazi moja lilitoka jukwaani, likaenda vitani, likarudi jukwaani.

Hatua ya 6: Uliza ni cha nani kabla hujauliza bei yake

Hatua hii naomba usiiruke.

Majira ya baridi ya 1891 hadi 1892 onyesho lilikaa Glasgow. Mkalimani wake, George Crager, aliliachia jumba la makumbusho la Kelvingrove shati la ngoma ya mizimu, ngoma ya ibada ya wenyeji wa Marekani, lililosemekana kuvuliwa kwenye mwili wa mmoja wa Walakota waliouawa na askari wa Marekani huko Wounded Knee tarehe 29 Desemba 1890. Lilikuwa la pamba tupu, jamii ya kile kitambaa ambacho bibi zetu walikiita merikani. Waliolivaa waliamini litazuia risasi. Kwa zaidi ya karne moja lilikaa Scotland, na mwaka 1999 likarudishwa kwa Walakota. Marcella LeBeau alishona shati jingine, wakawapa watu wa Glasgow.

Kwa hiyo ukikuta shati la namna hiyo, kiko cha ibada, au nywele na ngozi ya binadamu, simama. Usipige picha za kutangaza mtandaoni. Makumbusho yanayopokea fedha za serikali ya Marekani yanabanwa na sheria ya mwaka 1990 ya kurudisha mabaki na vitu vitakatifu, na tangu Januari 2024 yanatakiwa kupata idhini ya wenyewe kabla ya kuvionyesha. Mtu binafsi kwa kawaida haguswi na sheria hiyo, lakini anaweza kuliandikia baraza la kabila husika. Manyoya ya tai ni suala jingine: kuyauza ni kosa, hata kama kofia ni ya bibi yako mzaa mama.

Hatua ya 7: Hifadhi

Laza vazi, usilitundike. Jaza mikono na mabega kwa karatasi laini isiyo na asidi. Unyevu ubaki karibu asilimia 45 hadi 50 bila kupanda na kushuka, mwanga usizidi luksi 50. Usiisugue shaba. Ute wa kijani unaotokea pale shaba inapogusana na mafuta ya ngozi utolewe na mhifadhi kwa kijiti.

Hatua ya 8: Fungua bahasha

Soma hadithi sasa, ukiwa na matokeo yako mezani. Kwenye daftari andika kitu kinasema nini, na mbali kidogo andika familia inasema nini. Usivichanganye.

Na kwenye nafasi ya mtengenezaji, usiiache wazi kisha ukaandika "Buffalo Bill" kwa herufi kubwa juu yake. Fulana ya shanga niliyoikagua mwaka jana haikuwa ya Cody. Bahasha ilisema ni yake, lakini kifua chake kisingeenea mwilini mwa mtu mzima. Ilikuwa ya mtoto, imeshonwa kwa kano, bila tundu hata moja upande wa ndani. Nimeandika: *Mshonaji: huenda ni mwanamke wa Kilakota, jina bado linatafutwa.* Barua kwa kabila imeshatumwa.