Taq na jani la mkorosho: kuandaa PCR isiyogoma

PCR ni njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi kwa mashine, na anayenakili ni polimerasi, kimeng'enya kinachounda DNA. Polimerasi za bakteria, Taq ikiwemo, zimeumbwa mfano wa mkono wa kulia. Vidole hupokea nyukleotidi (matofali ya DNA), kiganja huiunga kwenye uzi mpya, dole gumba huishikilia DNA isichomoke. Kazi yenyewe hufanyika kiganjani, ambako asidi za aspartiki hushika ioni mbili za magnesiamu. Bila ioni hizo kimeng'enya kipo, kazi haipo.

Majani machanga ya mkorosho yakichumwa Newala au Tandahimba, yakaushe kwa jeli ya silika siku hiyohiyo. Mkorosho umejaa tanini (kemikali za mmea), nazo hukamata DNA na baadaye Taq. Weka PVP (kemikali inayonasa tanini) asilimia 2 kwenye bafa, yaani mmumunyo, ya kutolea DNA.

Kwa tyubu ya mikrolita 25: maji 18.3, bafa ya 10X isiyo na magnesiamu 2.5, kloridi ya magnesiamu ya milimola 25 mikrolita 1.5, mchanganyiko wa nyukleotidi (milimola 10 kila moja) 0.5, praima mbili (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha kunakili) za mikromola 10, kila moja 0.5, Taq (yuniti 5 kwa kila mikrolita) 0.2, na DNA 1. Usijaribu kupima 0.2 kwa pipeti. Kama una sampuli 10, changanya za 11 pamoja bila DNA, kisha gawa mikrolita 24 kila tyubu na uongeze DNA 1. Taq huhifadhiwa kwenye gliseroli, hivyo huzama chini. Changanya taratibu kwa pipeti.

Fanya yote juu ya barafu. Joto la Mtwara linatosha kuiamsha Taq kidogo, ikaanza kurefusha praima zilizonasa pasipo pake. Ingiza tyubu mashine ikiwa tayari imefika 95°C: dakika 3, kisha mizunguko 35 ya 95°C sekunde 30, 55°C sekunde 30 (rekebisha kulingana na praima zako), 72°C dakika 1 kwa kila besi 1,000.

Hakuna bendi (mistari ya DNA kwenye jeli)? Kabla ya kuilaumu Taq, zimua DNA mara 10. Mara nyingi tanini ndizo kikwazo, na kuzimua huzipunguza. Bado? Angalia EDTA (kemikali ya bafa) kwenye DNA yako, maana hunyakua magnesiamu. Nyukleotidi nazo hushika takriban milimola 0.8 kati ya ile 1.5 uliyoweka, kwa hiyo ongeza magnesiamu kwa hatua za milimola 0.5. Ukizidisha, utaona bendi za uongo, na makosa ya Taq yataongezeka. Polimerasi I ya E. coli ina sehemu ya kusahihisha makosa. Sehemu hiyo kwa Taq haifanyi kazi.