Usikate Majani Mabichi: Kulea Matunguu ya Maua ya Mwanzo wa Machipuko

Wiki mbili tatu baada ya tulipu na narsisi, maua yanayoota kutoka kwenye matunguu yaliyozikwa udongoni, kumaliza kuchanua, kosa lile lile hurudi kwenye bustani nyingi. Maua yamekwisha, majani yamelala ovyo na ncha zimeanza kugeuka manjano, na mwenye bustani anaona aibu mbele ya wageni. Anachukua mkasi na kuyafyeka yote hadi chini. Mwaka unaofuata anapata majani mengi bila ua hata moja, naye anaamini aliuziwa matunguu mabovu. Matunguu hayakuwa na ubaya wowote. Yalinyimwa chakula.

Jambo hili halieleweki vizuri mpaka ulione kwa macho. Mwezi wa Septemba, kabla ya kupanda, toa tunguu moja la narsisi ulilo radhi kulipoteza. Vaa glavu, kisha lipasue kwa kisu kikali kutoka kichwani hadi kitakoni. Utaona matabaka meupe yenye utomvu unaonata, yameshikamana kama ya kitunguu. Katikati kuna vijani vifupi vya manjano hafifu vilivyosimama bega kwa bega, na ukivifungua taratibu kwa ncha ya kisu utakuta tumba dogo sana. Hilo ndilo ua la Machi, nalo limeshaumbwa miezi sita kabla ya kuonekana. Narsisi huanza kuliunda mwishoni mwa machipuko, karibu na wakati majani yake yanaponyauka. Tulipu huliunda wakati wa kiangazi, tunguu likiwa limepumzika ndani ya udongo. Chakula cha kazi hiyo yote kimetoka kwenye majani yale yanayoonekana kama uchafu.

Kwa hiyo yaache majani kwa wiki zisizopungua sita baada ya ua kufifia. Dalili ya kuaminika kuliko kalenda ni hii: jani likigeuka manjano kabisa na kung'oka kwa kuvutwa kidogo tu, limemaliza kazi yake. Wako wanaoyakunja majani ya narsisi na kuyafunga mafundo, au kuyasuka kama nywele, ili bustani ionekane nadhifu. Usifanye hivyo. Jani lililokunjwa halipati mwanga, na bila mwanga halitengenezi chakula. Kinachofaa kukatwa ni kichwa cha ua kilichonyauka, ili mmea usimalize nguvu kwenye mbegu. Shina lake liache, maana nalo ni la kijani na linachangia. Maua madogo kama galanthasi na skila usiyakate hata vichwa, kwa sababu mbegu zake ndizo zitakazoyasambaza.

Kama majani yanakusumbua macho, dawa ni kupanda kwa akili. Weka matunguu katikati ya mimea inayochelewa kuamka, kwa mfano hosta au jeranio za kudumu. Narsisi ikianza kulala, hosta ndiyo kwanza inafunua majani mapana na kuyafunika. Kwenye uwanja wa nyasi chagua aina fupi zinazochanua mapema, kisha tenga kipande kisichopitiwa na mashine ya kukata nyasi mpaka majani ya matunguu yafe. Kipande hicho kitaonekana kama kichaka kwa muda, na huna budi kukivumilia.

Miezi ninayoitaja hapa ni ya kaskazini mwa dunia. Walio kwenye baridi ya kusini wasogeze kalenda kwa miezi sita.

Tukirudi kwenye upanzi: baridi ambayo wengi huiogopa ndiyo inayoliamsha tunguu. Tulipu nyingi huhitaji wiki 12 hadi 16 za baridi iliyo chini ya nyuzi 9 za Selsiasi ndipo shina lirefuke sawasawa. Likikosa baridi hiyo, ua huchungulia likiwa limekwama chini kati ya majani, au tumba hukauka kabla ya kufunguka. Ndiyo maana wanaotaka maua ndani ya nyumba huyaweka matunguu kwenye jokofu kwanza. Ukifanya hivyo, yaweke mbali na matunda yanayoiva. Matunda hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo huliua ua likiwa bado ndani ya tunguu, wakati kwa nje tunguu linaonekana zima kabisa.

Ukichagua matunguu, yapime mkononi. Zuri ni zito kulingana na ukubwa wake na ni gumu, hasa kwenye kitako ambako mizizi hutokea. Kitako kikibonyea, liache. Ganda la nje kupasuka au kutoka si tatizo.

Narsisi, galanthasi na krokasi zipandwe Septemba au mapema Oktoba, ili mizizi ishike kabla ardhi haijaganda. Tulipu inaweza kusubiri hadi Novemba, na mimi hupendelea isubiri. Udongo ukishapoa, ukungu uitwao Botrytis tulipae, unaoyaacha majani yamejikunja na kuwa na madoa kama yaliyobabuliwa na moto, hupungua nguvu. Kina cha kupandia ni karibu mara tatu ya kimo cha tunguu lenyewe: sentimita 8 hadi 10 kwa krokasi, 15 kwa narsisi, 15 hadi 20 kwa tulipu. Ncha ielekee juu. Usipoweza kutambua juu na chini, lilaze ubavu. Chipukizi litaitafuta njia lenyewe.

Kinachoua matunguu mengi wakati wa baridi ni maji, kuliko hata baridi yenyewe. Tulipu za porini ni mimea ya milima ya Asia ya Kati, kama Tian Shan, ambako majira ya baridi ni makali na kiangazi ni kikavu. Ukilizika tunguu la namna hiyo kwenye mfinyanzi unaotuamisha maji, litaoza hata kama umelitunza vipi. Inua tuta, changanya changarawe ndogo na mboji katika eneo lote la upanzi, na usiridhike na kuweka changarawe ndani ya shimo moja moja. Shimo la changarawe katikati ya mfinyanzi hugeuka bakuli la maji. Samadi mbichi isikaribie matunguu kabisa. Mbolea inayofaa ni yenye potashi nyingi na naitrojeni kidogo, itiwe pale maua yanapoanza kufifia, wakati majani yana njaa ya kazi. Naitrojeni ikizidi hunenepesha majani na kulainisha tunguu, na tunguu laini huoza upesi.

Galanthasi inastahili maelezo yake, kwa sababu hutangulia karibu yote na ndiyo inayowavunja moyo wengi. Tunguu lake ni dogo na halivumilii kukaa kavu. Yale yaliyokaa wiki nyingi ndani ya mfuko wa karatasi mara nyingi huwa yamekwisha kufa. Njia bora ni kuihamisha ikiwa bado na majani mabichi, mara tu maua yanapofifia. Chimbua kishada kizima, kitenganishe kwa vidole kiwe vifungu vya mimea mitatu minne, uzipande siku hiyo hiyo kwa kina kile kile zilichokuwa nacho, kisha umwagilie. Mahali pake ni chini ya miti inayopukutisha majani. Jua la Februari hupenya kwenye matawi matupu, na miti ikija kuvaa majani, galanthasi imeshamaliza mwaka wake. Mbegu zake zina kipande cha mafuta ambacho sisimizi hukipenda. Huzibeba na kuziacha huku na huko, na ndivyo unavyokuta kishada kipya mahali ambapo hukupanda kitu.

Asubuhi ya baridi kali usishtuke ukiikuta galanthasi imelala juu ya theluji, shina limelegea kama uzi uliolowa. Mara ya kwanza nilipoiona hivyo nilidhani nimeipoteza yote, nikarudi ndani na huzuni. Saa sita mchana jua lilipoipasha kidogo, nilitoka tena nikaikuta imesimama wima, kila ua limeinamisha kichwa chake kama kawaida. Mmea huu hulegea wakati wa kuganda na kujiinua joto likirudi. Usiumwagie maji ya moto wala kuufunika kwa plastiki. Theluji nayo usiifagie, kwani ni blanketi. Ardhi iliyo chini yake hubaki na joto kuliko ardhi iliyo wazi mbele ya upepo. Linaloumiza ni kuganda na kuyeyuka kwa zamu, kunakousukuma udongo juu na kuyafichua matunguu. Kwa ajili hiyo tandaza majani makavu, unene wa sentimita 5 hadi 8, baada ya uso wa ardhi kuganda. Ukitandaza mapema mno, unawaandalia panya malazi.

Krokasi hufunguka jua likitoka na kujifunga wingu likipita, na chavua yake ni riziki ya nyuki wanaotoka wakati hakuna kingine cha kula. Siku ya jua, chuchumaa karibu na kishada utawaona nyuki wakubwa wenye manyoya wameingia ndani ya kikombe cha ua, wakitoka wamepakaa rangi ya chungwa miguuni. Kwa hiyo usinyunyize dawa ya wadudu kwenye maua haya. Wengi huuliza kama krokasi hizi zinatoa zafarani. Hapana. Zafarani hutoka kwa Crocus sativus, inayochanua majira ya kupukutika majani. Kuna mmea mwingine unaofanana nazo, kolchikamu, nao ni sumu kali inayoua mtu. Majani yake mapana hutokea machipuko bila ua lolote, na watu wameyachuma wakidhani ni mboga ya porini. Kama umeurithi kwenye bustani na una watoto, uchimbue.

Sumu ipo pia kwenye narsisi, galanthasi na hayasinti. Usihifadhi matunguu yoyote karibu na jikoni, maana la narsisi na kitunguu hufanana mno. Waholanzi walikula matunguu ya tulipu katika njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, lakini walisukumwa na kukosa chochote kingine, na hilo halimpi mtu ruhusa ya kuyajaribu leo. Ukishika hayasinti vaa glavu. Maganda yake huwasha ngozi vibaya.

Sumu hiyo hiyo ina manufaa yake. Kindi, panya na kulungu hawagusi narsisi wala galanthasi, ila tulipu na krokasi kwao ni karamu. Ukishapanda, okota maganda yote yaliyodondoka juu ya udongo, kwani harufu yake ndiyo inayomwita kindi. Kisha laza wavu wa waya kama ule wa banda la kuku juu ya tuta, ufukie kwa udongo kidogo. Chipukizi hupita kwenye matundu bila shida.

Tulipu zinazopungua mwaka wa pili au wa tatu zisikukatishe tamaa. Tunguu la tulipu hufa kila mwaka baada ya kuchanua na kuacha watoto. Katika aina nyingi za kisasa watoto hao ni wadogo mno kutoa ua. Anayetaka zidumu achague zilizo karibu na za porini, kama Tulipa tarda. Na ukiona tulipu ya rangi moja imetokea na michirizi isiyo ya aina yake, huo ni ugonjwa. Michirizi ya namna hiyo ndiyo iliyolipiwa fedha nyingi Uholanzi kabla soko halijaanguka Februari 1637, na baadaye ikajulikana kuwa ni virusi vinavyosambazwa na vidukari. Ing'oe, usiitupe kwenye mboji, na usipande tulipu kando ya mayungiyungi ya bustanini (si yale ya majini), kwa kuwa hayo huumwa ugonjwa huo huo.

Narsisi zikitoa majani bila maua, ilhali hukuyakata, huenda zimebanana. Kila miaka minne au mitano zichimbue baada ya majani kufa, uzitenganishe na kuzipanda upya. Lile utakalolikuta limelegea shingoni lina funza wa nzi wa narsisi, liharibu. Majani yakiisha kufa, parua udongo uzibe matundu yaliyoachwa, maana nzi huyo huyapenda ili mabuu wake walifikie tunguu.

Jambo la mwisho lifanywe sasa hivi, kabla majani hayajapotea. Chomeka kijiti imara kando ya kila kishada na uandike jina lake kwa penseli, kwani wino hufutika kwa jua na mvua. Septemba ikifika, ardhi itakuwa tupu na chepe halitajua lililo chini yake. Nilipuuza hili mwaka mmoja nikapasua narsisi saba kwa pigo mbili tatu, kila moja ikiwa na tumba lake ndani, jeupe, limeshaumbwa.