SOMO: mumea unapindaje kufuata mwangaza? Tufanye na mahindi nyumbani

Bandugu, auksini, ile homoni inayoongoza mumea kukua, wengi tuliikariri kwa shule, egzame ikiisha inapotea, na ni kitu unaweza kuona na macho hapa Goma bila labo yoyote.

1. Loweka punje za mahindi usiku mumoja, panda kwa kopo ya bulongo laini, weka kwa giza.

2. Ile ncha ya kwanza ikifika sentimita 2 hivi, usingoje majani yaipasue, zingine zivike kakofia ka karatasi ya aliminiumu, milimita chache tu pale juu, zingine acha wazi.

3. Funika na kartoni yenye tundu moja kwa upande, tundu liangalie dirisha. Fungua jioni.

Zile wazi zimeinama kwa tundu, zenye kofia zimesimama tu. Sasa chungulia vizuri mahali inapinda, haiko kwa ncha, ni chini yake! Mi naona hapo njo utamu wote: ncha inaona mwangaza lakini inayopinda ni sehemu ingine, basi kuna kitu kinashuka. Mwanasayansi Charles Darwin na mtoto wake Francis waliandika hivyo 1880, halafu Muholanzi Frits Went akakinasa kwa vipande vya agari (aina ya jeli), akachapisha 1928.

Kitu hicho njo auksini. Inahamia upande wa kivuli, seli za kule zinasukuma protoni (chembe za hidrojeni zinazoleta asidi) inje, ukuta wa seli unapata asidi, protini zinaitwa ekspansini zinalegeza nyuzi za selulozi, maji inaingia na seli inarefuka. Haigawanyike, inarefuka, tafazali musichanganye.

MASWALI

– Mwalimu, na muzizi mbona unaenda chini?
Auksini inajikusanya upande wa chini vilevile, ila muzizi hauvumilie nyingi, seli za chini zinapunguza mwendo, za juu zinapita, unapinda chini.

– Mama yangu akichuma kichwa cha lengalenga inatoa matawi mengi, ni auksini pia?
Ndiyo kabisa. Auksini inayotoka kichwani inazuia macho ya pembeni (pale matawi yanachipukia), ukikata kichwa inapungua, sitokinini, homoni ingine ya mumea, inapata nafasi ya kuyaamusha. Mwambie akate juu kidogo ya jicho, asing'oe karibu na udongo, sababu hapo hakutabakia macho ya kutosha.

– Bila aliminiumu?
Karatasi nyeusi inafaa, mradi mwangaza usipite.