Kabla ya Kununua Mtamba wa Maziwa: Jihadhari na Ugonjwa wa Johne

Mnunuzi wa mtamba hukagua kiwele, miguu na macho. Kwa ugonjwa wa Johne, ugonjwa sugu wa utumbo wa ng'ombe, ukaguzi huo haumsaidii, kwani mtamba aliyeambukizwa hunawiri kama wenzake. Kuhara huanza akishafika miaka miwili hadi sita, mara nyingi baada ya kuzaa, na muuzaji hapo hapokei simu. Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, chunguza zaidi mama yake na kundi alikotoka kuliko unavyomchunguza yeye.

Ukiuliza kama kuna ugonjwa utaambiwa hakuna. Uliza hivi: je, kuna ng'ombe mkubwa aliyeharisha wiki kwa wiki huku anakula vizuri, akapewa dawa ya minyoo bila nafuu, akaishia kwa mchinjaji? Karantini nayo isikupe imani kupita kiasi. Mwaka 1933 Iceland iliagiza kondoo wa karakul kutoka Ujerumani, wakawekwa karantini, na bado waliingiza ugonjwa huu nchini.

Bakteria wake ni ndugu wa wale wa kifua kikuu. Ndama huwameza akiwa mchanga, kwenye chuchu zilizochafuka kinyesi, kwenye dang'a (maziwa ya kwanza baada ya kuzaa) au maziwa, na wengine huambukizwa wangali tumboni. Bakteria wakifika sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba humezwa na chembe za ulinzi wa mwili, lakini badala ya kufa huzaliana humo humo ndani, polepole mno. Mwili huongeza walinzi na ukuta wa utumbo unazidi kunenepa. Utumbo huo ukipasuliwa machinjioni, ndani yake utaona mikunjo minene ambayo hata ukiivuta hainyooki. Utumbo wa namna hiyo haufyonzi chakula, na protini ya damu huvuja kupitia humo. Ndiyo maana ng'ombe anakula na bado anakonda: mapaja yanaisha, maziwa yanapungua, kinyesi kinakuwa chepesi kama uji, bila homa, na mwishoni maji hujaa chini ya taya. Minyoo ya ini nayo huleta uvimbe huo wa taya, kwa hiyo kuitibu kwanza si kosa. Kosa ni kurudia dawa mara ya tatu na ya nne bila kuita daktari wa mifugo apime.

Kuhusu vipimo, usidanganywe na cheti cha mtamba. Kipimo cha damu au maziwa hutafuta kinga ambayo huchelewa kujitokeza, hivyo jibu safi kwa mnyama mchanga halina uzito. Wapimwe ng'ombe wakubwa wa kundi hilo, na kinyesi chao pia, kwani wengine humwaga bakteria kabla ya kuonyesha dalili.

Nyumbani, kazi kubwa ifanyike kabla ya siku ya kuzaa. Tenga sehemu safi ya kuzalia yenye matandiko makavu, mbali na wanaoharisha. Osha chuchu kabla ndama hajanyonya au hujakamua dang'a. Usichanganye dang'a ya ng'ombe kadhaa kwenye ndoo moja. Mmoja mwenye ugonjwa anatosha kuwaambukiza wote.

Jambo linalosahaulika sana ni matete. Wengi wetu tunamwaga samadi shambani, tunakata majani yale yale na kumpa ndama, ilhali bakteria hawa wanaweza kuishi mwaka mzima na zaidi nje ya mnyama. Majani ya shamba lenye samadi wape wakubwa. Ndama atafutiwe mengine, na chombo chake cha maji kiinuliwe kinyesi kisifike.

Tiba ya kuponya hakuna. Aliyethibitika auzwe kwa kuchinjwa, si mnadani kwa mfugaji mwingine. Binti yake, hata akiwa mzuri kiasi gani, usimweke kuwa mtamba. Mnenepeshe, naye aende machinjioni.