Kukata hanamu kali kupita digrii 45 bila kubahatisha

Misumeno ya meza mingi bledi inalala mpaka digrii 45 tu, labda na kidogo juu yake, kwaiyo ukitaka hanamu (ukingo uliokatwa kwa kulala, digrii zinahesabiwa kutoka mkato ulionyooka) ya 60 utaona watu wanaanza kuupandisha ubao kwa vibao chini yake, hapo unabahatisha na vidole viko hatarini. Dawa ni kuusimamisha ubao kwa ukingo, mgongo wake uegemee fensi (ule ukuta wa mashine unaoongoza ubao), afu hesabu unaigeuza: 90 toa 60, bledi unailaza 30 basi.

Fensi ya mashine ni fupi kwenda juu, haishiki ubao uliosimama. Funga kwake kipande cha plaiwudi kirefu kwenda juu, iliyonyooka kwa klampu, na ukiweke skwea na meza (digrii 90 kamili), maana ikiinama nusu digrii hiyo nusu inaingia yote kwenye hanamu yako. Bledi ilale kuelekea nje, iipe fensi kisogo. Ikilalia fensi, kipande kinachokatika kinabanwa katikati na mashine inakirusha, na kikirushwa kinakuja kwako wewe unayesukuma. Ubao mwembamba usiusimamishe kwa mkono hata kidogo, ufunge kwenye kigari kinachoteleza juu ya fensi.

Zile namba za kwenye mashine mimi siziamini sana. Chomoa umeme, weka geji ya digitali ya kupimia pembe juu ya meza uisome sifuri, ndo uibandike kwenye bledi, iguse chuma cha bledi sio meno. Na hata hiyo geji isiwe ya mwisho kusema, mbao ndo iseme: kata vipande vitatu vya majaribio, ncha ya kila kimoja inatakiwa iwe digrii 30, vipange ncha kwa ncha uvipime kwa skwea. Vitatu vinafanya 90 kamili, kwaiyo kosa la nusu digrii linakuwa moja na nusu na mwanga utauona unapita.

Urefu wa mkato nao watu wanausahau. Ubao wa mm 20 kwa hanamu ya 60, mteremko wake ni mm 40, kwaiyo bledi itokeze zaidi kidogo ya hapo. Afu usikate mpaka ncha iwe kali kama wembe, acha bapa la milimita moja hivi chini ili ubao uwe na cha kukanyagia, la sivyo ncha inazama kwenye nafasi ya bledi na mkato unayumba mwishoni. Hilo bapa utalitoa kwa randa.

Huna msumeno wa meza? Kwa ubao huohuo piga mstari mm 34.6 kutoka ukingoni, chora pembe kwenye ncha zote mbili, toa nyama nyingi kwa msumeno wa mkono umalizie na randa mpaka mstari ubaki nusu. Kwa kipande kimoja au viwili mi naona hii ni haraka kuliko kuhangaika na fensi.